Kikohozi Kimoja, Wiki Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Mmenawa mikono?

Tumenawa!

Kwa sabuni, au mmelowesha ncha za vidole tu?

Naam, mmenyamaza. Nimewajua. Haya, sogeeni lakini msibanane, na wewe unayekohoa huko nyuma kunywa maji kabisa, maana ngano ya leo ina kikohozi ndani yake, usije ukanichanganyia mambo.

Palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima bwawa, na katikati yake shule. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja: kuta za udongo, paa la nyasi, sakafu ya vumbi. Kengele yake ilikuwa rimu kuukuu ya lori, na lori lenyewe hakuna aliyejua lilikwenda wapi. Asubuhi inagongwa ngee, ngee, ngee, watoto wanashuka mbio. Nyuma ya shule palikuwa na shamba la mahindi na maboga. Watoto walililima kwa mikono yao, wapate uji wa saa nne.

Juu kilimani aliishi pimbi mmoja, mfupi, hana mkia, ukimwona kwa mbali utadhani ni jiwe limeota manyoya. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyempata baada ya kukata tamaa kabisa, akamwita Sikudhani, na yeye tangu siku hiyo akaitwa Mama Sikudhani. Mama huyu hakujua herufi hata moja. Mama yake hakujua, bibi yake hakujua, na ukoo mzima wa pimbi ulikuwa haujui tangu mawe yalipokuwa changarawe. Sikudhani ndiye wa kwanza kusoma. Siku aliposoma neno zima, mama yake alilia mpaka majirani wakaja kutoa pole.

Basi Ugonjwa wa Kikohozi ukaja. Ulianza khwe, khwe, kidogo tu, kama mtu aliyepaliwa, na haikupita wiki ukamchukua mzee Kakakuona, ukamchukua na mkewe. Kamati ya shule ikakaa. Mwenyekiti wake alikuwa Kiboko, mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na tumbo lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko vyote. Wakaamua shule ifungwe wiki tatu. Hapo hakuna aliyebisha. Hata Mama Sikudhani hakubisha, na yeye hubishana mpaka na mvua. Wakashona barakoa za majani ya mgomba, wakatundika kibuyu chirizi kila mlango: unakanyaga kijiti, kibuyu kinainama, chiri, chiri, chiri, unanawa.

Jamani, nyinyi mnaocheka, mmewahi kukaa na watoto ndani wiki tatu? Mama Kanga alikuwa na watoto kumi na wanane. Siku ya tano aliwaita kwa majina, siku ya kumi akawaita kwa namba, siku ya kumi na tano akawa anakosea hata namba. Baba Nungunungu aliwapanga wanawe mstari mmoja wafanye hesabu, wakachomana miiba, ikabidi hesabu zisubiri vidonda vipone. Mwalimu Korongo alisimama kwao kwa mguu mmoja, amekonda kwa mawazo, kwa sababu alikatazwa kukusanya watoto. Masomo yakawa ya redioni. Redio ilikuwa Kasuku, na Kasuku akisikia neno mara tatu hulitangaza kilima kizima bila kuuliza ni la nani. Anapita juu ya miti: "Mbili mara mbili ni nne. Rudieni. Vizuri sana." Mtoto amelala, anaambiwa vizuri sana.

Mama Sikudhani alikuwa akienda kuchuma majani tangu alfajiri, akirudi anamkuta binti yake ameandika kwa mkaa juu ya jiwe bapa. "Mama, nisahihishie." Mama anaweka mzigo chini. Anaweka mikono nyuma, anainama, anatazama, anasema mm-hm, kama alivyomwona Mwalimu akifanya. Kisha anachukua mkaa, anaweka alama ya vema. Jumatatu vema. Jumanne vema. Jumatano vema, na ya Jumatano akaipamba kwa mkia mrefu.

Wiki tatu zikaisha. Ugonjwa ukapungua, ukatoweka, kila mtu akawa mzima. Wazazi wakateremka asubuhi na mapema, watoto wameogeshwa mpaka wanang'aa. Wanamkuta Kiboko mlangoni pa shule, amejaa mlango wote. Wakati uleule mtoto wa Mama Kanga, wa kumi na moja au wa kumi na mbili, akapaliwa na punje ya hindi. Khwe!

Kiboko akatega sikio.

"Nani kakohoa?"

Mama Kanga akaeleza kwamba ni punje tu, hiyo hapo imetoka, aitazame. Kiboko hakuitazama. Alimwita Mwalimu Korongo, akamwamuru aandike sheria ukutani, neno kwa neno. Mwenyewe hakujua kusoma, lakini aliweka chapa ya mguu wake chini ya maandishi kuonyesha kuwa ni yake. Sheria ilisema hivi: Anayekohoa hata mara moja akae mbali na shule wiki mbili, asiguse chakula cha shule. Akikohoa tena, zihesabiwe upya. Sheria haiulizi sababu.

Mama Sikudhani akasema sawa, huyo mmoja akae nyumbani, wengine waingie. Kiboko akamtazama kutoka juu, akacheka hu-hu-hu.

"Watoto wenu hucheza pamoja na hula pamoja. Mmoja akikohoa, wamekohoa wote. Bado wiki mbili."

Wakarudi nyumbani. Wiki mbili zikaisha, wakateremka tena. Mtoto wa Nungunungu alicheka na uji mdomoni. Khwe! Bado wiki mbili. Wakarudi, wiki mbili zikaisha, wakateremka tena. Mtoto gani sijui alimeza inzi. Khwe! Bado wiki mbili. Mwezi wa nne ukaingia, ikafika mahali watoto wanafundishwa kutokukohoa kabla ya kufundishwa kusalimia, wanatembea na mashavu yamevimba, na bado mmoja atashindwa tu. Watoto ni watoto.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Jioni moja Mama Sikudhani alisahihisha kama kawaida. Mm-hm, vema. Sikudhani hakufurahi. Alichora chora chini kwa kidole.

"Mama, leo nimekosea makusudi. Nimeandika mbili na mbili ni kumi na moja. Umeweka vema."

Mama akatamani jiwe limfunike. Alitaka kusema macho yake yana ukungu, alitaka kusema jua limemwingia, lakini uongo wote ulimkauka mdomoni. Alijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yake. Kumbe mtoto hakuwa amemaliza.

"Na jana, mama. Jana sikukosea makusudi. Jana nilikuwa nimesahau kweli. Herufi zinanitoka moja moja."

Hapo, wasikilizaji wangu, aibu ya mama iligeuka hasira. Si hasira ya kelele. Ni ile inayomfanya mtu akunje kanga kiunoni taratibu, afunge fundo, alikaze. Alimwambia mwanawe kwamba ukoo wao umekaa gizani miaka yote hiyo, wala hautarudi gizani kwa ajili ya tumbo la mtu. Kisha akamwambia alale.

Asubuhi akateremka peke yake mpaka shuleni, akachungulia dirishani. Akaona kwa nini zinahesabiwa wiki mbili mbili. Kiboko alikuwa amelala darasani, madawati yamevunjika chini yake akayafanya kitanda. Maganda ya maboga yamefika dirishani, magunzi yamefika ubaoni. Nje, nusu ya shamba la watoto ilikuwa imekwisha, na nusu nyingine ilikuwa inasubiri kukomaa. Mama Sikudhani akaelewa kwamba shule haitafunguliwa wiki mbili zijazo, wala wiki mbili baada ya hizo, mpaka boga la mwisho liishe, na boga likiisha, nani ajuaye ni watoto wa nani watakaopanda mengine.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kukusalimu tu. Naona unalinda shule."

"Nalinda. Usiku na mchana." Akatafuna.

Mama Sikudhani akamuuliza kwa upole kama na yeye alisomea hapa. Kiboko akasema alisoma nusu siku. Saa nne ulipoletwa uji alikunywa sufuria lote, akaona elimu imemtosha, akarudi majini. Mama Sikudhani akasema kumbe, ndiyo maana ana busara. Akaaga, akapanda kilima akiwaza.

Alipofika akashika fagio, maana mwanamke mwenye hasira hawezi kukaa. Akafagia pango kwa nguvu, fya, fya, fya, vumbi likapanda likamwingia puani, likamwingia kooni. Khwe! Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, asije Kiboko akasikia. Sikudhani akaja na kata ya maji, akanyunyizia chini, chwa, chwa.

"Mama, unafagiaje pakavu? Sisi wa zamu tusiponyunyizia maji Mwalimu anaturudisha tuanze upya. Anasema vumbi kavu hupanda kifuani. Kila aliyesoma anajua."

Mama akasimama na fagio mkononi. Kila aliyesoma anajua. Kisha akaanza kucheka, mwanzo kidogo kidogo, halafu mpaka akaketi chini, na Sikudhani akadhani mama yake amechoka akili kama Mama Kanga.

Siku ileile alikwenda chini ya mti wa Kasuku, akajisemea kwa sauti mara tatu, kana kwamba anahesabu kuni. Kesho yake, kabla ya jua kupanda, redio ilikuwa inapita kilima chote: "Tangazo. Mkaguzi wa shule atafika Ijumaa asubuhi. Mwenyekiti atakayekutwa akifagia darasa kwa mkono wake mwenyewe atapewa mkokoteni mzima wa maboga. Wazazi wote wafike washuhudie. Vizuri sana."

Kiboko aliposikia mkokoteni mzima, mate yalimtoka kwa kishindo, po, po, po.

Ijumaa wazazi wakajaa uwanjani, kila familia mahali pake, hatua nne kutoka kwa jirani, barakoa usoni. Mwalimu Korongo alikuja na mguu mmoja, akashusha na wa pili. Kiboko alikuwa mlangoni na fagio, amelishika kama anavyoshikwa samaki anayeteleza. Akauliza mkaguzi yuko wapi. Mama Sikudhani akasema yuko njiani, vumbi lake linaonekana kule, heri aanze, asikutwe amesimama.

Kiboko akaingia. Akaanza kufagia miezi minne ya magunzi makavu na maganda makavu na mavi yake mwenyewe makavu, samahani watu wazima, ndivyo ilivyokuwa.

Fya!

Sikudhani akamvuta mama yake kanga. "Mama, hajanyunyizia maji."

"Nyamaza, mwanangu."

Fya! Fya!

"Mama, atakohoa."

"Nyamaza, mwanangu, tuone."

Fya! Fya! Fya! Mwili mkubwa, fagio kubwa, vumbi kubwa. Likatoka mlangoni, likatoka madirishani, likapenya paa la nyasi. Halafu:

KHWAAA!

Rimu ya lori ikalia yenyewe, ngee.

KHWAAA! KHWAAA!

Kiboko akatoka macho mekundu, machozi yanamtiririka. Wazazi wote wakarudi nyuma hatua nne kwa pamoja. Akasema haraka kwamba haumwi, ni vumbi tu, mkaguzi yuko wapi. Mama Sikudhani alimshika bintiye mabega, akamsukuma mbele mpaka ukutani.

"Wasomee."

Sikudhani akatazama maandishi. Midomo yake ikacheza bila sauti. Alisoma "Anaye," akakwama. Herufi iliyofuata ilimtazama na yeye akaitazama, na mama yake nyuma, asiyejua kumsaidia hata kidogo, akashika fundo la kanga yake. Hayo ndiyo niliyoyaogopa, alijiambia, tumechelewa. Mama Kanga aliwaziba midomo watoto aliowafikia.

"Ana-ye-ko-ho-a," akasema Sikudhani. "Anayekohoa hata mara moja akae mbali na shule wiki mbili." Sauti ikapata miguu. "Asiguse chakula cha shule. Akikohoa tena, zihesabiwe upya. Sheria haiulizi sababu." Akaonyesha kwa kidole chini kabisa. "Na huu ni mguu wa Mwenyekiti."

Kiboko akanguruma kwamba basi ni vizuri, yeye akikohoa shule nzima imekohoa, wote wakae nyumbani. Akajiona amepata pa kutokea.

"Hapana, Mwenyekiti," akasema Mama Sikudhani. Alikuwa anafika magotini kwa Kiboko, akisimama juu ya ndoo. "Watoto wetu hucheza pamoja na hula pamoja, ndiyo maana ulisema wamekohoa pamoja. Wewe umekula peke yako miezi minne. Hukumgawia mtu hata mbegu. Basi umekohoa peke yako."

Wazazi waliendelea kusimama tu, hatua nne nne, wadogo wengi kuzunguka mkubwa mmoja, na hakuna aliyetazama chini. Kiboko akafungua kinywa aseme neno, kinywa kile mnachokijua, na vumbi lililobaki kooni likamjibia. KHWAAA!

"Zihesabiwe upya," wakasema wazazi wote.

Hapo Mama Sikudhani akalegeza sauti, akawa mtamu. Akamwambia Mwenyekiti asijali, maji ya bwawa yatamsafisha kifua. Wiki mbili ni nini. Mkokoteni wa maboga watamwekea vizuri, lakini mkaguzi akimkuta hapa anakohoa, zawadi atapewa mwenyekiti wa shule ya ng'ambo. Kiboko aliposikia ng'ambo, hakusubiri. Alikimbia, tumbo linatangulia, akajitupa bwawani, chubwiii, maji yakaruka mpaka shambani, na siku hiyo maboga hayakuhitaji kumwagiliwa.

Mama Sikudhani mwenyewe ndiye aliyegonga rimu. Ngee, ngee, ngee. Watoto wakanyunyizia maji, wakafagia, wakatoa magunzi, wakakaa mbali mbali juu ya mawe kwa sababu madawati hayakuwapo tena. Saa nne wakanywa uji wa maboga yaliyobaki.

Na Kiboko? Baada ya wiki mbili alitoa pua nje ya maji aulizie mkokoteni wake. Lakini aliyekaa chini ya maji akitoa pua hupumua, na Kiboko akipumua mnajua inavyokuwa. PFUUU!

"Umekohoa," wakasema watoto kutoka ukingoni. "Bado wiki mbili."

Akazama. Baada ya wiki mbili akatoa pua. PFUUU! Bado wiki mbili. Nendeni hata leo bwawani, mtamwona, pua na macho tu, anauliza. Na nendeni kilimani asubuhi, mtawaona pimbi wamekaa juu ya mawe, mmoja hapa, mmoja pale, wametazama mbele. Watu husema wanaota jua. Si kweli, wako mstarini, wanasubiri kengele.

Nyuma kabisa, kwenye jiwe la mwisho, alikaa mwanafunzi mmoja mkubwa kuliko wenzake, kanga kiunoni. Kila jioni alipeleka kazi yake kwa Sikudhani aisahihishe. Siku alipoandika jina lake lote kwa mara ya kwanza, alimkabidhi jiwe. Sikudhani akaweka mikono nyuma, akainama, akatazama.

"Umeruka herufi mbili, mama. Futa. Rudia."

Na Mama Sikudhani akafuta huku anatabasamu, maana sasa nyumbani kwao palikuwa na mtu wa kumwambia amekosea.

Sasa kila ngano ina fundisho, na mimi si mtu wa kuwanyima. Fundisho la hii ni kwamba wadogo wawatii wakubwa bila kuuliza maswali, tangazo lolote la redioni liaminiwe, na elimu ya nusu siku inatosha kabisa kwa uenyekiti. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa, na mnaniona nilivyotulia.

Ngano yangu naikunja kama mkeka. Ambaye imempendeza aondoke nayo kwapani. Ambaye imemchoma aiache hapo hapo mlangoni, nitaifagia kesho, nikishanyunyizia maji.